Nakala za Zana za Matrekta ya Bustani ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapoamua kujitengenezea bledi (bamba la kusukumia udongo au theluji), plau au kijiko cha kupakia cha trekta dogo la miaka ya 1960 au 1970. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine bila kurudia maneno. Anayeanza kabisa asome sehemu mbili za kwanza kabla ya kugusa grainda.

## Mambo ya msingi

1. Trekta la bustani la zamani ni lipi hasa?

Ni trekta dogo la magurudumu manne lililoundwa kuvuta plau na kuendesha zana, si kukata nyasi tu. Utalitambua kwa uzito wake: fremu ya chuma kinene, giaboksi yenye nyumba ya chuma cha kusubu, na mara nyingi injini ya silinda moja inayozunguka mizunguko 3,600 kwa dakika. Enzi yake ilishika kasi Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Cub Cadet ya kwanza ya International Harvester ilitoka 1961 ikiwa na injini ya Kohler ya nguvu farasi 7, na John Deere 110 ikafuata 1963 kutoka kiwanda cha Horicon, Wisconsin. Wheel Horse wa South Bend, Indiana, pamoja na Bolens na Simplicity, wote wawili wa Port Washington, Wisconsin, walikuwa kwenye biashara hiyo tayari. Case aliingia 1964 kwa kuinunua kampuni ya Colt.

Kampuni hizi ziliuza trekta moja lenye kazi nyingi. Bledi, plau, haro, deki ya kukatia nyasi, mashine ya kurusha theluji: vyote vilikusudiwa kufungwa na mwenye trekta mwenyewe nyumbani, kwa pini na lachi, pasipo kumwita fundi. Nakala yako nayo ipimwe kwa kigezo hicho hicho. Ikikulazimu kulala chini ya trekta na spana tatu ili kuifunga, kuna mahali umepotoka.

2. Kwa nini nitengeneze nakala wakati zana za asili bado zinapatikana?

Kama zinapatikana, na zinaweza kukarabatiwa, karabati. Nasema hivi mapema kwa sababu wengi huingia kwenye kazi hii kwa kupenda kuchomelea kuliko kwa kuhitaji zana. Bledi iliyooza chini lakini yenye fremu nzima ni kazi ndogo kuliko bledi mpya, na itabaki kuwa ya asili.

Nakala ina maana pale zana ilipotengenezwa kwa idadi ndogo, au imebaki kipande tu, au unataka kufanya kazi nzito bila kuitesa ile uliyonayo. Zana zilipotea haraka kuliko matrekta yenyewe: trekta liliingizwa bandani, plau ikabaki nje kwenye mvua, na siku ya kusafisha uwanja ikaenda na chuma chakavu.

3. Nianze na zana ipi?

Bledi ya mbele. Haina mkanda wala kitu kinachozunguka, na makosa yake mengi huonekana kabla hayajamuumiza mtu. Baada yake plau, au haro ya meno. Vyenye mkanda vifuate (swali la 15), na kijiko cha kupakia kiwe cha mwisho kabisa (swali la 18), hata kama ndicho kilichokuvuta kwenye kazi hii.

4. Ni kitu gani lazima kifanane na cha asili, na kipi naweza kukibadilisha?

Kinachoifanya zana iwe yenyewe ni mashimo yake ya pini: yako wapi, yana upana gani, na umbali kutoka shimo hadi shimo ni upi. Hayo ndiyo yanayoamua bledi itanyanyuka kiasi gani, plau itaingia ardhini kwa mwelekeo upi, mkanda utabana au utalegea. Mabamba yaliyobaki ni ya kushikilia mashimo hayo mahali pake. Nimeona nakala zenye rangi ya kuvutia na stika zote mahali pake ambazo hazikunyanyuka zaidi ya upana wa vidole vitatu, kwa sababu shimo la fimbo ya kunyanyulia lilitobolewa kwa kukadiria.

Kwa hiyo jiometri ya pini, fuata ya asili bila mjadala. Unene wa bamba, aina ya chuma, bushi (vibomba vifupi ambamo pini huzunguka) na nipeli za grisi, unaweza kuboresha. Kinga za mikanda na minyororo ni lazima uboreshe, kwani zana nyingi za miaka hiyo zilitoka kiwandani zikiwa wazi kiasi cha kumeza mguu wa suruali.

5. Nahitaji vifaa gani?

Mashine ya kuchomelea, grainda, drili ya kusimama, kalipa (kipimio cha unene na kipenyo), skwea ya fundi na meza bapa ya chuma. Mashine ya lethi ni anasa. Kazi ya bushi na shafti unaweza kumpelekea fundi kereza mara moja kwa mkupuo. Meza bapa si anasa. Bila sehemu bapa ya kufungia vipande, kila kitu kitatoka kimejipinda na hutajua kilijipinda lini.

## Kupima na kuchora

6. Sina zana ya asili, nina picha tu. Inawezekana?

Inawezekana kwa zana zisizozunguka, ikiwa trekta lenyewe unalo. Trekta ndilo rula yako. Tafuta picha iliyopigwa kwa ubavu, kutoka mbali na kwa kuvuta lenzi, maana picha ya karibu hunenepesha kilicho mbele. Kisha pima kwenye trekta lako kitu kinachoonekana pichani: umbali kati ya ekseli mbili, urefu wa boneti, nafasi ya bolti mbili za fremu. Ukishajua kwamba kitu cha sentimita 60 kimechukua milimita 48 pichani, mengine ni hesabu ya darasa la sita.

Usichukue vipimo kwenye michoro ya matangazo ya zamani. Wachoraji wa matangazo walichora ili trekta lionekane kubwa. Vitabu vya maelekezo na orodha za spea ni vya kuaminika zaidi: michoro yake ya vipande vilivyotenganishwa inaonyesha idadi ya bushi, washa na springi, na mara nyingi kipimo cha kila bolti kimeandikwa kwenye orodha.

Picha itakupa umbo. Mashimo ya kufungia utayapata kwenye trekta: kata kadibodi, ishikize kwenye fremu, tia alama mashimo yaliyopo, chezesha kiolezo hicho juu na chini hadi ujue kinagusa wapi. Kadibodi ikigoma kupita, bamba halitapita.

7. Nimeazima zana ya asili lakini imechakaa. Napimaje shimo lililopanuka?

Safisha kwanza kwa brashi ya waya. Shimo lililochakaa halipanuki pande zote. Pini hulila upande mmoja, ule unaobeba mzigo. Ukilitazama kwa tochi utaona umbo la yai: upande mmoja una ukingo uliong'arishwa na pini, umepinda kidogo kama mdomo, upande wa pili ukingo ni mkali bado na pengine una chembe za rangi ya kiwanda. Upande huo wenye rangi ndio unaokuambia ukweli. Weka kipande cha shafti cha kipimo cha awali kikiegemea upande huo, na katikati ya shafti hiyo ndiyo katikati ya shimo la asili.

Pini nayo ipime kwenye ncha, chini ya kipini kidogo cha kuzuia, mahali ambapo haikuwahi kusuguana na kitu. Na kama unaweza kupata zana ya pili ya aina hiyo hiyo, pima zote mbili. Zilichomelewa kwa mikono ya watu, kisha zikagonga mawe miaka mingi. Bledi moja peke yake inaweza kukufanya unakili ajali ya mtu.

8. Nitumie inchi au milimita?

Pima kwa chochote, lakini fikiri kwa inchi, kwa sababu ndivyo mchoraji wa awali alivyofikiri. Kalipa ikisoma milimita 15.7 kwenye pini iliyolika kidogo, hiyo ni pini ya inchi 5/8, yaani milimita 15.88. Ikisoma 18.9, ni inchi 3/4. Mabamba vivyo hivyo: geji 11 ni takriban milimita 3.04, inchi 3/16 ni milimita 4.76.

Mtego uko kwenye bolti. Bolti ya milimita 16 haiingii kwenye shimo halisi la inchi 5/8, na ya milimita 12 inacheza kwenye shimo la inchi 1/2. Mchezo huo mdogo, ukizidishwa na mtikisiko wa injini ya silinda moja, utakuletea shimo la umbo la yai mapema sana. Kama bolti za inchi hazipatikani, toboa vipande vyako vipya kwa milimita, lakini mashimo ya trekta usiyaguse. Tumia bushi ya kupunguzia.

9. Zana ya modeli moja itaingia kwenye modeli nyingine ya kampuni hiyo hiyo?

Usidhani hivyo kwa sababu ya rangi. Cub Cadet za kabla ya 1971 zina fremu nyembamba na za baadaye zina fremu pana, kwa hiyo vishikizo vya mbele vinatofautiana. John Deere 110 ilibadilika kutoka madigadi ya mviringo hadi ya pembe mwaka wa modeli wa 1968. Kabla ya kukata chuma, andika modeli na namba ya trekta lako juu ya mchoro.

Upande wa nyuma kuna nafuu, kwa sababu hichi, yaani viungo vya kufungia zana nyuma ya trekta, za vipimo vya kawaida zipo. Hichi ya pointi tatu ya daraja 0 hutumia pini za inchi 5/8 kote, na nafasi ya inchi 20 hivi kati ya mikono miwili ya chini. Daraja 1, la matrekta makubwa zaidi, lina pini ya juu ya inchi 3/4, za chini inchi 7/8, na nafasi ya inchi 26. Hichi ya slivu, inayoshika zana kwa pini moja tu, ilienezwa na Brinly wa Louisville, Kentucky, na plau zake zilifungwa kwenye matrekta ya rangi zote. Ukijenga plau kwa slivu, umejenga ya matrekta mengi kwa wakati mmoja.

## Chuma na kuchomelea

10. Nitumie chuma gani?

Kwa fremu na mabamba mengi, chuma laini cha kawaida, kile cha daraja la A36, kinatosha na ndicho kilichokaribia cha asili. Usivutwe na chuma kigumu kila mahali. Fremu ya zana inapaswa kupinda kabla fremu ya trekta haijapasuka, na ukiifanya ngumu kupita kiasi umehamishia uharibifu kwenye kitu usichoweza kukichomelea kwa urahisi.

Panapokatana na ardhi ni habari nyingine. Ncha ya plau ya chuma laini huisha ukiiangalia. Hapo weka bamba la kuhimili msuguano, au kipande cha springi ya gari. Springi hiyo ifunge kwa bolti za plau, zile zenye kichwa kinachozama na shingo ya mraba, badala ya kuichomelea. Ina kaboni nyingi, na mshono juu yake hupasuka pembeni usipoipasha moto kwanza na kuipoza polepole. Isitoshe, kampuni zilifunga makali kwa bolti ili yabadilishwe.

Pini na shafti ziwe za chuma kilichovutwa baridi, kwa sababu kipimo chake ni sahihi tangu dukani. Lakini usikitumie kwa vipande virefu utakavyochomelea upande mmoja. Kina mkazo ndani yake, na moto ukiuachia, kinajikunja.

11. Fimbo gani za kuchomelea?

E7018 kwa maungio yanayobeba mzigo, ziwe kavu. Zikinyonya unyevu zinapoteza maana yake. E6011 kwa chuma chenye kutu usichoweza kukisafisha kote. E6013 kwa bati jembamba. Mwenye mashine ya waya na gesi atumie ER70S-6.

Mambo mawili ya usalama watu huyapuuza. Bamba lililopakwa zinki, likichomwa, hutoa mafusho yanayoleta homa na kutetemeka usiku huo. Ondoa zinki kwa grainda kwanza, ukiwa umevaa barakoa. Na usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukawasha moto: mvuke wake kwenye joto na mwanga wa kuchomelea hugeuka gesi ya fosjini, ambayo huua.

Ukilazimika kuchomelea kitu kikiwa kimefungwa kwenye trekta, ng'oa betri, toa tangi la mafuta, na klempu ya ardhi iwe kando ya mshono wenyewe. Umeme ukipitia kwenye beringi kutafuta njia ya kurudi, utaziunguza.

12. Mashimo yalilingana kabla ya kuchomelea. Sasa pini haiingii. Nifanyeje?

Mshono unapopoa husinyaa na kuvuta kila kilicho karibu. Dawa yake iko kabla ya moto. Pitisha shafti moja ndefu katika bushi zote, huku umeizungushia karatasi moja ili baadaye itoke, kisha gusia pointi ndogondogo pande zote kabla ya mshono mrefu. Chomelea kipande kifupi upande huu, ruka upande wa pili, rudi. Shafti ikianza kukaza unapoizungusha kwa mkono, simama, acha ipoe, endelea upande unaopingana.

Kwa mashimo yasiyo na bushi, toboa dogo kwanza, chomelea, halafu panua hadi kipimo kamili. Na kama umeshaharibu, usipanue shimo hadi pini ipite. Toboa kubwa, ingiza bushi, ipange kwa shafti, ichomelee.

13. Bledi ya asili imepinda kwa uzuri. Nitaipindaje bila mashine ya kuviringisha bamba?

Njia safi ni kulipeleka bamba kwa mwenye mashine ya kukunja, akalikunja mikunjo midogo mingi iliyokaribiana. Peleka kiolezo cha mbao cha mpindo, usipeleke maelezo ya mdomo. Njia ya pili ni kukata kipande cha bomba kubwa lenye nusu kipenyo kinachokaribia mpindo huo. Bomba la maji, sawa. Tangi lililowahi kuwa na gesi au mafuta, hapana: mvuke uliobaki kwenye kutu hulipuka hata baada ya miaka, na kuliosha kwa maji mara moja hakulifanyi salama.

Mbavu za nyuma zikate kwanza kwa mpindo sahihi, zote kwa pamoja zikiwa zimefungwa rundo. Mbavu ndizo zitakazolishika bamba kwenye umbo, na tofauti ndogo ya mpindo itafutika ukiibana bamba juu yake.

14. Kuna kipande cha chuma cha kusubu ambacho hakipatikani. Nikitumie cha zamani kama kielelezo cha kusubia?

Unaweza, lakini kitatoka kidogo. Chuma cha kusubu husinyaa karibu asilimia 1 kinapoganda, alumini karibu 1.3. Kwenye kipande kifupi cha mkono wa lachi haina shida. Kwenye nyumba ya gia yenye sentimita 30, ni milimita 3, na hakuna beringi itakayokubali. Siku hizi watu huchora kipande kwenye kompyuta, wanakikuza kwa asilimia hiyo, wanakichapa kwa plastiki na kumpelekea msubiaji hicho kama kielelezo. Acha nyama ya ziada mahali patakapokerezwa.

Kipande cha asili kilichopasuka tu kinaweza kuungwa kwa fimbo za nikeli, kikiwa kimepashwa moto, kwa mishono mifupi inayogongwa kwa nyundo ndogo ikiwa bado ya moto, kisha kikafukiwa kwenye majivu kipoe taratibu. Kwa kipande kisichobeba mzigo mzito, kuunga kwa shaba mara nyingi ni bora zaidi.

## Zana mojamoja

15. Mkanda wa zana ya mbele unaruka kila mara. Puli zote ni mpya.

Upya wa puli hauhusiki. Mkanda wa V lazima uingie kila puli ukiwa umenyooka kwenye mfereji wake. Ukitoka unaweza kutoka kwa pembe kidogo. Ukiingia kwa pembe, utapanda ukingo na kuruka. Hii inaonekana zaidi kwenye mashine ya kurusha theluji, ambapo mkanda hupita kwenye puli mbili za kugeuzia ili ubadilishe mwelekeo. Funga uzi badala ya mkanda, uvute ukaze, kisha inama utazame kutoka nyuma ya kila puli. Uzi ukigusa ukuta wa mfereji mahali unapoingia, sogeza puli hiyo. Uzi huo huo ndio kipimo cha urefu wa mkanda wa kununua.

Puli ya kukazia ikae upande uliolegea wa mkanda, upande unaoondoka kwenye puli ya injini kwenda kwenye zana. Ikikaa upande unaovutwa, itapigana na nguvu yote ya injini na springi yake haitashinda.

16. Pini ya kukatika imekatika mara nyingi. Niweke bolti ngumu?

Hapana. Pini hiyo, inayounganisha shafti na sehemu inayozunguka ya zana, imewekwa ikatike ili giaboksi ibaki. Bolti isiyo na mistari kichwani ni laini, daraja 2; mistari mitatu ni daraja 5; sita ni daraja 8. Ukiweka ya daraja 8 kwenye parafujo ya mashine ya kurusha theluji, jiwe la kwanza litavunja gia. Ikikatika bila kugonga kitu, kagua kama shimo limepanuka: pini inayocheza hupigwa nyundo kila mzunguko.

17. Naweza kutengeneza deki ya kukatia nyasi?

Hii ndiyo zana ninayoomba watu waifikirie mara mbili. Kiwango cha Marekani cha mashine za nyasi kinaweka mwisho wa mwendo wa ncha ya kisu kuwa futi 19,000 kwa dakika, yaani takriban mita 96 kwa sekunde. Kisu cha sentimita 40 kinafika hapo kikizunguka mara 4,600 hivi kwa dakika. Kisu cha sentimita 53 kinafika kwenye 3,480 tu. Ukikiunganisha moja kwa moja na injini ya 3,600 kwa puli zinazolingana, umeshavuka. Kokotoa uwiano wa puli kabla ya kununua: puli ya inchi 4 kwenye injini na ya inchi 6 kwenye kisu inashusha 3,600 hadi 2,400.

Bati la deki unaweza kulitengeneza. Visu, shafti zake na nyumba za beringi, nunua. Kisu cha kujichongea kwenye springi ya gari ni kipande cha chuma kinachosubiri kupasuka kikielekea miguuni mwa mtu.

18. Na kijiko cha kupakia?

Watu huogopa kwamba haidroliki itakuwa dhaifu. Kinyume chake ndicho kweli. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha inchi 2, kwa mgandamizo wa psi 1,000 (pauni kwa inchi ya mraba), inasukuma pauni 3,140, karibu kilo 1,425. Ikisukuma mkono kwa nyenzo ya sentimita 20 wakati ndoo iko sentimita 150 kutoka kwenye egemeo, silinda mbili zitanyanyua takriban kilo 380 pamoja na uzito wa mikono yenyewe. Ekseli ya mbele ya trekta hili, mara nyingi kipande cha chuma cha kusubu kinachoning'inia kwenye pini moja, haikuundwa kwa mzigo wa namna hiyo.

Kwa hiyo fremu ya kijiko ipite chini ya trekta hadi kwenye nyumba ya ekseli ya nyuma. Usiifunge mbele peke yake. Weka uzito nyuma ya ekseli ya nyuma, si kwenye ringi tu, kwa sababu uzito ulio nyuma yake ndio unaopunguzia ekseli ya mbele mzigo. Vali ya kupunguza mgandamizo iweke chini kiasi kwamba kijiko kigome kabla ekseli haijalia. Na beba ndoo ikiwa chini: matrekta haya hayana fremu ya kumlinda dereva yakipinduka.

19. Plau yangu nakala inateleza juu ya udongo badala ya kuingia.

Karibu kila mara ni kwa sababu sehemu ya chini imechomelewa bapa kabisa. Plau ya kweli, ukiiweka juu ya sakafu, inagusa kwa ncha na kwa kisigino, na katikati pana mwanga wa milimita chache. Mteremko huo wa ncha ndio unaoivuta chini. Bila huo, ongezeko la uzito litaisaidia kidogo tu.

Ukishaupata, isawazishe karakanani: weka magurudumu ya kushoto juu ya mbao zenye unene sawa na kina unachotaka kulima, maana shambani gurudumu la kulia litakuwa ndani ya mfereji. Sasa ubavu wa plau usimame wima kwa timazi. Kwa trekta la nguvu farasi 10 au 12, plau ya inchi 10 inafaa, na kitakachokukwamisha mara nyingi ni magurudumu kuteleza kabla ya injini kuchoka. Uzito wa ringi, minyororo, au maji ndani ya tairi husaidia. Kloridi ya kalsiamu ni nzito na haigandi, ila ikivuja hula ringi za miaka 60 ambazo hazina mbadala.

## Rangi, nembo na kuuza

20. Nipake rangi ipi?

Enameli yenye kigumushi hudumu, lakini vigumushi vingi vina isosayaneti, na barakoa ya kawaida ya vumbi haifai kitu dhidi yake. Unahitaji hewa safi inayoletwa kwa bomba. Asiyekuwa nayo apake kwa brashi enameli isiyo na kigumushi. Zana hizi nyingi hazikuwahi kung'aa sana zilipotoka kiwandani. Acha bila rangi upande wa mbele wa bapa la plau. Udongo utaiondoa, na kabla haijaondoka itanata.

21. Nitapata shida ya kisheria nikinakili?

Hataza za Marekani za miaka ya 1960 na 1970 zilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hiyo zimekwisha zote. Alama za biashara hazikwishi mradi zinatumika. Jina, nembo, na wakati mwingine hata rangi ni mali ya mwenyewe: mwaka 2017 mahakama ya shirikisho huko Kentucky iliipa Deere ushindi dhidi ya kampuni iliyouza vifaa vya kilimo vya kijani na njano. Kupaka bledi yako ya nyumbani ilingane na trekta lako ni jambo moja. Kuiuza ikiwa na stika ya kiwanda ni jingine.

22. Nikiiuza, niandike nini?

Piga mhuri kwenye chuma, kwa herufi za kugonga, mahali pasipofikiwa na grainda kirahisi bila kuacha alama: neno NAKALA, mwaka, na herufi zako. Usiandike kwa rangi au stika pekee. Wewe utakuwa mkweli kwa mnunuzi wa kwanza. Wa tatu hakujui, na zana iliyopigwa kutu miaka michache inafanana sana na ya 1965. Zana yenye mkanda, kisu au haidroliki, fahamu kwamba dhima ya kuumia kwa mtu inaweza kukufuata. Wengi wenye busara huuza michoro na mabamba yaliyokatwa, wakaacha kuuza zana kamili.

23. Kampuni haikuwahi kutengeneza zana ninayoitaka kwa modeli yangu. Nikiitengeneza, hiyo ni nakala?

Si nakala, ni zana mpya ya mtindo wa zamani, na hakuna ubaya. Shida huanza ikiingia kwenye maonyesho na karatasi inayodai iliorodheshwa kwenye katalogi. Igonge mhuri kama ilivyoelezwa swali la 22, bila neno NAKALA.

Kwenye ujenzi wenyewe una uhuru zaidi na mtihani mkubwa zaidi, kwani huna mashimo ya mtu mwingine ya kufuata. Tafuta zana ya asili iliyo karibu zaidi na yako kwa kazi na kwa uzito, iliyofungwa pale pale kwenye fremu, na chukua jiometri yake kama mwanzo. Mhandisi aliyeiweka pini ile pale alijua fremu hiyo inapasukia wapi.